Bia inanivimbisha mdomo ila pombe kali hainifanyi kitu, hii ni aleji ya pombe?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi nina miaka 33, niko Arusha, bia nimekunywa miaka mingi tu bila shida yoyote. Tangu mwaka huu uanze imeshanitokea mara tatu, chupa ya kwanza haijaisha midomo inaanza kuwasha halafu inavimba, pua inaziba, mwili mzima unawasha kama nimemwagiwa upupu. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya bonanza, nikahisi na koo linabana, washkaji wakanipepea, nikatapika, nikapata nafuu. Cha ajabu kwenye send-off ya binamu yangu nilipiga Konyagi ya kutosha na hakuna kilichotokea. Siku hizi nameza Piriton mbili kabla ya kwenda baa naona zinasaidia. Mshkaji mmoja anasema ini limechoka, mwingine kanitumia video ya Wachina wanavyobadilika rangi wakinywa pombe, mama anasema nimetupiwa kitu. Je nina aleji ya pombe? Halafu Desemba kuna harusi ya mdogo wangu na mimi ndo mwenyekiti wa kamati, nitakunywa nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Maswali huwa najibu kwa foleni ila la kwako nimelivusha mbele kwa sababu ya maneno mawili tu, koo linabana. Midomo kuwasha peke yake ningekwambia tutaangalia, lakini ngozi inawasha, midomo imevimba, koo limebana na umetapika, vyote hivyo kwa pamoja ndani ya muda mfupi, hapo sisi hatuiti tena kuwashwa, hiyo inaitwa anafilaksisi, yaani aleji iliyoshika mwili mzima, na ndo aina ya aleji inayoua. Ulipona, tushukuru, ila usije ukadhani ni ile kupepewa iliyokuponya. Kwa hiyo kabla sijaenda mbali: bia acha kuanzia leo mpaka upimwe, sijasema punguza, na ile tabia ya "ngoja nionje kidogo nione kama bado ipo" usithubutu, iwe nyumbani iwe baa. Tukishaelewana hapo sasa tukae tuongee.

Umeuliza kama una aleji ya pombe. Kwa maelezo yako mwenyewe, hapana, au niseme ni vigumu sana iwe hivyo, na aliyekupa jibu ni ile Konyagi ya kwenye send-off. Kilevi kilichomo kwenye bia na kilichomo kwenye Konyagi ni kilekile, ethanoli, tofauti ni kwamba kwenye bia ni kama asilimia 5 na kwenye pombe kali ni mara nyingi zaidi ya hapo. Sasa kama adui yako angekuwa ethanoli, siku ya send-off ndo ungelazwa. Wapo watu wenye aleji ya ethanoli yenyewe, wameandikwa kwenye majarida ya kitabibu, ila ni wachache sana duniani, na hao kijiko kimoja tu cha pombe ya aina yoyote kinawaangusha, hawachagui chupa. Ethanoli ni kitu kidogo mno na mwili umeizoea, hata ndizi iliyoiva sana ina chembe zake, hata tumbo lako mwenyewe linatengeneza kidogo.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili, ndani ya chupa ya bia kuna nini ambacho kwenye Konyagi hakipo?

Bia yetu hii ya kawaida inaanzia kwenye shayiri. Shayiri inalowekwa inaota inakuwa kimea, inakaushwa, inasagwa, inachanganywa na maji ya moto, viwanda vingi vinaongeza na mahindi au sukari, halafu inachemshwa na hopsi zile za kuleta uchungu, ikipoa inawekwa hamira. Watu wengi wanadhani kwa kuwa imechemshwa basi kila kitu kimekufa, lakini shayiri ina protini kaidi. Kuna moja kazi yake ni kusafirisha mafuta ndani ya mmea, wataalamu wanaiita LTP, na nyingine inaitwa protini Z, hizi mbili moto haziogopi, tindikali ya tumbo haiwasumbui sana, zinapita kwenye pipa la kuchemshia zinaingia kwenye chupa zikiwa bado na nguvu ya kumwasha mtu. Na unazijua, umeziona kwa macho yako, maana lile povu linalosimama juu ya glasi mhudumu akimimina vibaya, hizo protini ni sehemu kubwa ya kinacholishikilia lisianguke. Watu wanaovimba midomo kwa bia, ukiwapima, mara nyingi mkosaji anapatikana hapohapo kwenye shayiri, wachache inakuwa hamira au hopsi.

Sasa Konyagi. Kama umewahi kuona gongo linavyopikwa, ule mtambo wa pipa na bomba, utaelewa haraka. Kinachochemka chini kinabaki chini, kinachopanda ni mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi unageuka kuwa matone, matone ndo pombe. Protini ni mzigo mzito haupandi na mvuke, inabaki na machicha. Kiwandani ni usafi na vipimo tu vimeongezeka lakini kanuni ni ileile. Juu ya hapo Konyagi inatokana na miwa, shayiri haimo tangu mwanzo. Na ndo maana mtu mwenye aleji ya shayiri anaweza akanywa hata wiski, ambayo ni shayiri kabisa, asipate kitu, kwa sababu imekenekwa. Isipokuwa zile likwa tamu tamu zinazoongezwa vitu baada ya kukenekwa, mayai, maziwa, lozi, hazelinati, hizo zina kesi zake.

Sasa nina swali kwako na naomba ulijibu kwa ukweli: ukinywa Milo unajisikiaje? Usicheke. Milo ina kimea cha shayiri. Na zile malta zisizo na kilevi, zile wanazokunywa walokole na shemeji zetu Waislamu kwenye shughuli, nazo ni shayiri tupu iliyokosa kilevi tu. Nimeshakutana na watu waliohama bia wakahamia malta kwa nia njema kabisa ya kukwepa aleji, wakavimba vilevile, wakabaki kushangaa "mbona hii haina pombe". Kama umewahi kuwashwa ulimi na malta au Milo basi umenimalizia nusu ya kazi. Kama hujawahi, usiende kujaribu sasa hivi, nimeuliza ya nyuma tu.

Najua linalofuata utaniambia basi nihamie bia ya mtama. Uganda kuna Eagle, imetengenezwa kwa mtama tangu 2002, na Kenya Senator Keg nayo inatumia mtama, kwa hiyo wazo sio baya. Shida ni kwamba bia kuitwa ya mtama haimaanishi haina shayiri hata punje, baadhi zinachanganywa, soma lebo kwenye chupa na sio kwenye bango. Halafu zile LTP zina ndugu zake kwenye mahindi, ngano, mpaka kwenye pichi na karanga za mitini kama lozi na hazelinati, watu wengine aleji yao inaruka kutoka kwenye nafaka moja kwenda nyingine. Ndo maana nasema pima kwanza uhame baadaye.

Mbege je, maana uko Arusha na Moshi ni hapo tu. Mbege ya kweli ninayoijua mimi ni ndizi mbivu zilizochemshwa zikaachwa siku kadhaa mpaka zikalainika na kuchacha, maji yake yanachujwa, halafu unaingia uji wa kimea cha ulezi, wengine wanatia magome ya msesewe kuleta uchungu. Ukiletewa kwenye kata unaona kabisa punje za ulezi zinaelea juu unazipuliza pembeni kabla ya kunywa. Shayiri hapo hamna. Ila ni pombe isiyochujwa, kila kilichoingia kwenye pipa unakinywa, hamira na ulezi na kila kitu, kwa hiyo kama shida yako ni hamira mbege itakukamata vibaya kuliko bia. Na kuna watu wenye aleji ya mpira, manesi wanaovaa glavu kila siku kwa mfano, baadhi yao ndizi pia inawawasha. Kwa hiyo mbege nayo isubiri.

Turudi kwenye Jumapili. Hapa ndo nataka usome taratibu. Umesema umekunywa miaka mingi salama, na mara tatu zote ni mwaka huu, na mbaya kuliko zote ni siku ya bonanza. Aleji inaweza kuanza ukubwani, hilo lisikushangaze, mwili unaweza ukakutana na kitu mara mia ukanyamaza, mara ya mia na moja ukaamua ni adui. Lakini pia kuna kitu tunaita vichochezi. Yaani mtu ana aleji ndogo ya nafaka, akila akiwa amekaa hapati kitu, ila akila halafu akakimbia, au akala akiwa amemeza dawa ya maumivu, aleji inafumuka yote. Hii inajulikana vizuri sana kwa ngano, mtu anakula chapati asubuhi kila siku hana shida, siku anakula chapati anaenda kukimbia anaanguka njiani. Mazoezi ni kichochezi, diklofenaki na ibuprofeni na aspirini ni vichochezi, homa, kukosa usingizi, na pombe yenyewe pia ni kichochezi, inalegeza ukuta wa utumbo protini zinaingia kwenye damu kwa wingi na haraka.

Sasa nifikirie Jumapili yako, sijui kama napatia. Asubuhi umekula nini, chapati na chai? Umecheza dakika tisini juani, na umri wetu huu goti lazima, kwa hiyo ukameza diklofenaki kabla ya mechi au baada. Mwili bado wa moto ukafika glosari ukapiga bia ya kwanza ya baridi kwa pupa maana una kiu. Hapo ni mazoezi, dawa ya maumivu, kilevi na shayiri, vyote vimekutana ndani ya saa moja. Ndo maana ile siku koo likabana, wakati zile mara mbili za kwanza ziliishia midomoni, puani na kwenye ngozi. Kwenye send-off ulikuwa umekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe unasubiri msosi. Naomba uniandikie hayo matukio matatu moja moja, ulikula nini ndani ya saa nne au tano kabla, ulimeza nini, ulifanya nini, ilichukua dakika ngapi kuanza. Karatasi hiyo daktari ataipenda kuliko kipimo.

Na mezani kulikuwa na nini? Karanga? Korosho? Bia inasingiziwa sana makosa ya karanga. Nikiwa Tanga miaka ya nyuma kuna mama mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba ana aleji ya bia, tulivyochimba ikaonekana kila akivimba ni siku alizokunywa bia na kamba wa kukaanga, kamba peke yake anawashwa ulimi kidogo anapuuzia, akiongezea bia anavimba macho mpaka hafungui. Alishaacha bia miaka miwili na kamba anaendelea nao.

Ile video ya Wachina ni kitu kingine kabisa. Pombe ikiingia mwilini ini linaigeuza kuwa kitu kinaitwa asetaldehaidi, hiyo ni sumu, halafu kimeng'enya kingine, jina lake ALDH2, kinaigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara. Watu wengi wa China, Japani na Korea wamezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa kilema, inakadiriwa ni watu kama milioni 540, asilimia 8 ya dunia nzima, kwa hiyo sumu inajaa, uso unakuwa mwekundu, moyo unaenda mbio, kichwa kinauma. Haijalishi ni bia au wiski, kilevi chochote kinawafanya hivyo, na inakuwa hivyo tangu glasi ya kwanza maishani. Kwetu Waafrika hiyo jeni, yaani hitilafu ya kurithi, ni adimu mno. Wewe ulikunywa miaka bila shida na unachagua chupa, sio hiyo. Nyongeza tu kwa anayesoma akiwa na mume au mke wa huko, asimruhusu ameze dawa za kuficha ule wekundu ili aendelee kunywa, asetaldehaidi inaleta saratani ya koo la chakula, wekundu ni king'ora na wao wanakata waya.

Kuna njia moja tu ya haraka ya Mswahili kugeuka Mchina kwenye pombe, nayo ni dawa. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walitangaza dawa inaitwa disulfiramu, walikuwa wanaitafuta kama dawa ya minyoo, wakaijaribu wenyewe, halafu wakashangaa kila wakigusa pombe wanaumwa vibaya. Ikageuzwa kuwa dawa ya walevi mpaka leo. Na Flagyl, hii hii metronidazo ya kuharisha na ya wakinamama, imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi kwamba usichanganye na pombe, na ukimaliza dozi usubiri siku mbili mpaka tatu, na tinidazo hivyohivyo. Wapo watafiti wanaobisha kwamba ya Flagyl imekuzwa, mimi nikiwa na mgonjwa mbele yangu simjaribishii ubishi. Kwa hiyo kama mara mojawapo kati ya zile tatu ulikuwa kwenye dozi, niambie.

Dawa nyingine ya kuulizia ni ya presha. Wewe kijana pengine humo, lakini niseme kwa faida ya wazee. Captopril, enalapril, lisinopril, hizi zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi, bila kuwasha, bila vipele, na inaweza kutokea hata baada ya miaka ya kumeza bila shida, na sisi weusi inatupata zaidi kuliko wazungu. Mzee mmoja alikuja kwangu ameilaumu mbege karibu mwaka mzima, kila akivimba anahesabu alikunywa lini, na mzee anayekunywa kila siku lazima hesabu ikubali! Tulipobadilisha dawa ya presha uvimbe ukaisha na mbege yake akarudishiwa.

Waini nitapita haraka kwa sababu hujauliza, ila najua mtaniuliza wengine. Waini, iwe ya Dodoma iwe ya Afrika Kusini, inawekwa salfaiti isiharibike, na baadhi ya watu wenye pumu kifua kinawabana ndani ya dakika chache. Waini nyekundu pia ina histamini nyingi, ile ile ambayo Piriton inapigana nayo, kwa hiyo mtu anaziba pua na kuumwa kichwa bila kuwa na aleji ya kweli. Na jamani, wale mlioambiwa hospitali mna aleji ya salfa, yaani Septrin au Fansidar, salfaiti sio salfa! Majina yanafanana tu, mwenye aleji ya Septrin hana sababu ya kuogopa waini kwa ajili hiyo. Hili nalirudia kila mwezi.

Gluteni nayo, kuna ugonjwa wa utumbo unaitwa siliaki, mtu wa hivyo bia ya shayiri haimfai, lakini wake ni tumbo na kukonda kwa miezi na miaka, hauvimbishi midomo kwa dakika kumi.

Ini, mwambie mshkaji wako ini likichoka linakupa macho ya njano, tumbo kujaa, mkojo wa rangi ya chai, hata kuwashwa mwili kunaweza kuwepo lakini ni kuwashwa kwa kila siku usiku na mchana, hakusubiri ufungue kizibo. Ya mama sina kipimo chake, mpe heshima yake, mwambie unaenda hospitali na maombi yaendelee. Kitu kimoja tu adimu nitakutajia halafu nikiache: mtu ambaye akinywa pombe anapata maumivu kwenye tezi za shingoni au kwapani, hasa kama kuna tezi imevimba na anapungua uzito, huyo aende hospitali wiki hiyohiyo, hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ya tezi hizo. Na aliyekunywa gongo halafu kesho yake anaona ukungu machoni, hiyo ni methanoli na ni sumu, aleji haiingii hapo kabisa, Kenya mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya hivyo, hapo ni mbio bila kujadiliana.

Sasa Piriton zako mbili. Hapa mdogo wangu tutagombana. Piriton inazuia kuwashwa na inapunguza vipele, na hapo ndo ubaya ulipo, kwa sababu kuwashwa midomo ndo kengele yako ya kwanza, ndo inakwambia weka chupa chini. Ukimeza Piriton unaizima kengele unaendelea na chupa ya pili na ya tatu, halafu koo kubana na presha kushuka, ambavyo Piriton haiviwezi, vinakuja bila kubisha hodi. Juu ya hapo Piriton inalewesha usingizi, ukijumlisha na pombe na bodaboda ya kurudi nyumbani sijui umejipangaje. Dawa ya anafilaksisi ni adrenalini, sindano, kwa mtu mzima nusu miligramu kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hakuna nafuu. Hidrokotisoni na Piriton vinakuja baadaye kama wasaidizi. Zile kalamu za adrenalini unazoziona kwenye filamu kwetu huku kuzipata ni kazi na bei yake sio ya kitoto, ila ampuli ya adrenalini ni dawa ya kawaida ya dharura. Kwa hiyo wiki hii tafuta kujua ni kituo gani karibu na uwanja wenu na karibu na kwako kinafanya kazi usiku na wikiendi na adrenalini ipo, uliza mapema ukiwa mzima.

Na washkaji wako wa bonanza wafundishe. Ikitokea tena, kwa kitu chochote sio bia tu, wakulaze chali miguu waiinue, kama huwezi kupumua ukiwa umelala ukae umeegemea, wasikusimamishe, wasikutembeze "apate hewa", kuna watu wamekufa kwa kusimamishwa tu maana presha imeshuka. Wasikupakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, watafute gari hata la mchanga. Wasikupe maziwa wala maji. Na ukipewa sindano ukajisikia vizuri usiondoke, kaa chini ya uangalizi saa kadhaa, inaweza kurudi mara ya pili.

Jingine, kwenye ngozi zetu usitafute wekundu. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, mtu anaangalia anasema mbona hajawa mwekundu basi sio aleji. Kwetu utaona vimbe vimeinuka kama matuta, rangi ileile ya ngozi au nyeusi kidogo, unaziona vizuri ukimulika tochi ya simu kwa ubavu, au unazipata kwa kupapasa. Ndani ya mdomo na kwenye kope ndo panaonekana haraka.

Kupima: Arusha sio mbali na KCMC Moshi, pale kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi, anzia kwenye kliniki yao ya ngozi au ulizia daktari wa aleji mjini kwenu, uliza kama wanafanya kipimo cha kuchoma ngozi. Kinavyofanyika ni hivi, wanaweka matone madogo kwenye mkono, shayiri, ngano, mahindi, hamira, hata bia yenyewe uliyokunywa, wanachoma kidogo sana juu ya kila tone, unakaa dakika 15 mpaka 20, palipo na aleji panainuka kivimbe kama umeng'atwa na mbu, wanapima kwa rula, kuanzia milimita 3 inahesabika. Usiende kesho asubuhi lakini, baada ya tukio kali ngozi inakuwa kama imechoka, subiri wiki nne mpaka sita tangu ile Jumapili, na Piriton au setirizini uwe umeacha kama wiki moja, la sivyo kipimo kitasema huna aleji na wewe utafurahi ukaenda kufa. Kama kipimo hicho hakipo wanaweza kutuma damu maabara kupima IgE, yaani kingamwili za aleji, dhidi ya shayiri. Nenda na ile karatasi ya matukio matatu, nenda na picha ya lebo ya bia.

Desemba sasa. Mwenyekiti wa kamati hakuna atakayemhesabia alichokunywa, wanahesabu nyama imetosha au haikutosha. Soda, maji, juisi ya kweli, utakuwa sawa. Pale kwenye kugonganisha glasi na shampeni kuwa makini, kumbi nyingi wanamimina chochote kinachotoa povu na wakati mwingine ni malta, mwambie mhudumu akuonyeshe chupa kabla hajamimina. Konyagi najua unaisubiria niitaje, inaonekana ni salama kwako lakini mpaka majibu yatoke sikupi ruhusa, kwa sababu kilevi ni kichochezi na kwenye sahani ya harusi kuna keki, kuna sambusa, ngano kila kona, na hatujui bado kama ngano ni ndugu wa tatizo lako. Diklofenaki ya goti nayo iache nyumbani siku hiyo.

Lile swali la Milo nijibu leo.